Pima Njia Kabla ya Kupakia: Jinsi ya Kukusanya Modeli za Kreni na Malori Mazito Bila Kupoteza Pesa

Kuna watu wakikutana na lori refu limebeba panga la mtambo wa upepo kwenye barabara ya Mombasa, wanakasirika kwa sababu ya foleni. Kuna wengine wanateremsha dirisha, wanatoa simu na kuanza kuhesabu ekseli. Kama wewe ni wa kundi la pili, somo la leo ni lako. Na kama wewe ni wa kundi la kwanza, usiondoke bado. Mambo tutakayojifunza hapa yatakusaidia hata kama unaagiza viatu, kamera au vipuri vya gari kutoka mbali.

Leo tunazungumzia kukusanya modeli: zile kreni na malori mazito yaliyopunguzwa kipimo, yenye magurudumu yanayozunguka, mkono unaopanda na ndoano inayoshuka kwa uzi. Ni hobi nzuri na ina wapenzi wengi kuliko unavyodhani. Lakini pia ni hobi ambayo mtu anaweza kuchomeka vizuri sana kwa simu yake mwenyewe. Najua, kwa sababu nilichomeka.

Shilingi 6,000 zilivyopotea saa nne usiku

Baba yangu aliendesha malori mazito kwa miaka 26. Safari anayopenda kusimulia kuliko zote ni ile ya kupeleka sehemu za mitambo ya upepo Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365. Fikiria kila mtambo una vipande vya mnara, kichwa chake na mapanga matatu, halafu vyote vianzie safari bandarini Mombasa. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi Sarima ilibidi iboreshwe ndipo mizigo ile ifike.

Mzee hupenda kusema kwamba kwenye kazi ile, kuendesha ni jambo la mwisho. Kwanza watu wanapita njia nzima na gari dogo. Wanapima kona, wanaangalia madaraja, wanatazama nyaya za umeme zimening'inia wapi. Kibali cha mzigo usio wa kawaida kinatafutwa mapema kutoka KeNHA. Baada ya hayo ndipo mzigo unapakiwa. "Pima njia kabla ya kupakia," huwa anatuambia, hata tukiwa tunahamisha kochi sebuleni.

Alipostaafu mwaka jana, niliamua kumtafutia modeli ya lori kama lake: kichwa cha Actros cheupe na trela ya lobedi, ile ya sakafu ya chini. Nikajiunga na kundi la wakusanyaji mtandaoni. Siku ya tatu tu, mtu akanitumia ujumbe: anayo, mpya, ndani ya boksi, shilingi 14,000. Modeli kama hiyo nilikuwa nimeiona kwingine kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Akasema kuna wengine wawili wanaitaka, hivyo nitume arubuni ya 6,000 usiku huo ili aniwekee.

Ilikuwa saa nne usiku. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye uthibitisho halikuwa lile alilotumia kwenye kundi. Nililiona, na bado nikaweka namba ya siri. Dakika kumi baadaye picha yake ya wasifu ilikuwa imetoweka na simu yangu haikupita tena. Nilipopiga huduma kwa wateja, pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Mimi nafanya kazi ya kuwaelimisha wateja kuhusu malipo. Kwa hivyo unaweza kufikiria jinsi nilivyojisikia. Lakini nilijifunza jambo moja ambalo ndilo kiini cha somo hili: nilipakia kabla ya kupima njia. Sasa tupime pamoja.

Hatua ya 1: Elewa kipimo

Modeli nyingi za kreni na malori mazito hutengenezwa kwa kipimo cha 1:50. Maana yake ni kwamba sentimita moja ya modeli ni sentimita 50 za kitu chenyewe. Kipimo kingine maarufu ni 1:87, ambacho pia hutumiwa na wapenzi wa treni ndogo.

Hesabu ni rahisi. Kichwa cha lori chenye urefu wa mita 7:
- kwa 1:50 kitakuwa sentimita 14;
- kwa 1:87 kitakuwa sentimita 8 hivi.

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19, kwa hivyo kwa 1:50 ni sentimita 24 na kidogo. Dereva wa mita 1.75 atakuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu.

Hesabu hii inakulinda mfukoni. Chukua kreni ya Liebherr LTM 11200-9.1, ambayo ni kipenzi cha wakusanyaji wengi. Ni kreni ya ekseli tisa yenye uwezo wa tani 1,200, na mkono wake ukivutwa wote unafika mita 100. Kwa kipimo cha 1:50, hizo ni mita mbili kamili! Kabla hujailipia, simama katikati ya chumba chako uangalie dari. Kama unaishi bedsitter, huenda kreni hiyo ikawa ndiye mpangaji mwenzako.

Ushauri wangu: chagua kipimo kimoja na ukae nacho. Lori la 1:87 likisimama kando ya kreni ya 1:50 linaonekana kama limenyeshewa likanywea. Kama nafasi na bajeti ni ndogo, anza na 1:87. Kama unataka kuona minyororo, kamba na bolti, 1:50 itakufurahisha zaidi, lakini jiandae kulipa zaidi.

Hatua ya 2: Chagua hadithi, usikusanye kila kitu

Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni NZG na Conrad kutoka Ujerumani, na WSI, Tekno na IMC kutoka Uholanzi. Herpa, pia wa Ujerumani, wanajulikana sana kwa 1:87. Wengi wao hutoa modeli zenye rangi za kampuni halisi za kubeba mizigo mizito kama Mammoet ya Uholanzi au Sarens ya Ubelgiji. Toleo moja la rangi fulani likiisha, huenda lisirudi tena, na hapo ndipo bei hupanda na haraka huanza.

Dawa ya haraka ni kuwa na mpango. Andika kwenye simu yako sentensi moja: "Ninakusanya..." Labda ni kreni za magurudumu pekee. Labda ni malori ambayo umeyaona kwa macho yako kwenye barabara za Kenya. Labda, kama mimi, ni safari moja tu: Mombasa hadi Loiyangalani. Mitambo ya kule ina mapanga yanayozunguka kwa kipenyo cha mita 52, kwa hivyo panga moja kwa 1:50 ni kama nusu mita. Lori moja, trela moja na panga moja vinatosha kusimulia hadithi nzima kwenye rafu moja.

Ukiwa na sentensi hiyo, utaweza kusema "hapana" kwa ofa tisa kati ya kumi. Na "hapana" ndiyo akiba rahisi kuliko zote.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bei kamili

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Bei unayoiona kwenye duka la mtandaoni ni bei ya modeli ikiwa bado iko kwenye rafu ya muuzaji. Bei yako wewe ni ile ya modeli ikiwa mezani kwako.

Tuchukue mfano. Umeona lori na trela kwa euro 190 katika duka la Ujerumani. Kabla ya kufanya lolote, waandikie uulize: "Mnaondoa VAT kwa mteja aliye nje ya Umoja wa Ulaya?" VAT ya Ujerumani ni asilimia 19, na ya Uholanzi ni 21. Si kila duka hukubali kuiondoa, lakini likikubali, euro 190 zinashuka hadi karibu 160. Barua pepe moja imekuokolea euro 30.

Sasa usafiri. Kampuni za ndege za vifurushi haziangalii kilo peke yake, huangalia pia ukubwa wa boksi. Kanuni inayotumika sana ni hii: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la 60 × 25 × 20 linatoa 30,000, ukigawanya unapata kilo 6. Hata kama modeli ina kilo 3, utatozwa kama ya kilo 6. Kwa hivyo muulize muuzaji vipimo vya boksi pamoja na uzito.

Halafu kuna forodha. Msidanganyane kwamba "ni kitu kidogo tu". Kwenye orodha ya bidhaa za forodha, modeli hizi ziko pamoja na vinyago katika kundi la 9503. Kwa mfano huu, tuchukulie kwamba kodi inapigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima, si bei ya bidhaa peke yake.

Tufanye hesabu. Tuseme euro moja ni shilingi 150, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ada ya tamko la uagizaji (IDF) ni 2.5 na ushuru wa reli (RDL) ni 2. VAT ya Kenya ni asilimia 16. Viwango hubadilika na sheria za fedha, kwa hivyo thibitisha na KRA au wakala wa forodha kabla ya kuagiza.

- Modeli, euro 160: 24,000
- Usafiri na bima, euro 60: 9,000
- Thamani ya kutozwa kodi: 33,000
- Ushuru wa forodha, 25% ya 33,000: 8,250
- VAT, 16% ya 41,250 (thamani pamoja na ushuru): 6,600
- IDF, 2.5% ya 33,000: 825
- RDL, 2% ya 33,000: 660
- Ada ya wakala, tuseme: 2,500
- Gharama za kubadilisha fedha na bodaboda ya mwisho, tuseme: 1,165
- Jumla: shilingi 53,000

Umeona? Ulifikiri unanunua kitu cha shilingi 24,000, kumbe ni cha 53,000. Mtu asiyepiga hesabu hii hulipa ile ya kwanza kwa furaha, kisha kifurushi kinafika Nairobi na kukaa huku ada za kuhifadhi zikipanda. Hapo ndipo mtu huanza kukopa kwa simu ili kukomboa kinyago. Tafadhali, usifike huko. Hakuna kreni inayostahili mkopo wa dharura.

Njia moja ya kupunguza mzigo ni kuungana. Watu wawili au watatu wa kundi moja wakiagiza pamoja, gharama ya usafiri na ya wakala hugawanywa. Lakini mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini, na kila mtu atume sehemu yake kabla oda haijawekwa. Pesa za rafiki huharibu urafiki haraka kuliko za adui.

Hatua ya 4: Weka akiba kwa lengo

53,000 ukiitazama kwa mara moja inatisha. Igawanye kwa wiki 40: ni 1,325 kwa wiki.

Fungua akiba ya lengo kwenye programu ya simu yako, ipe jina la modeli yenyewe, na upange pesa ziingie siku ile ile unayopata mapato yako. Kama unalipwa kwa mwezi, ziende siku ya mshahara. Kama una kibanda au unaendesha boda, weka kidogo kila jioni. Usiache pesa hizo kwenye salio la kawaida, kwa sababu salio la kawaida halijui tofauti kati ya kreni na chipsi.

Kuna faida nyingine ya kungoja. Watengenezaji wengi hutangaza modeli miezi mingi kabla haijatoka. Tangazo la leo linakupa muda wa kuweka akiba. Na ikiwa baada ya wiki 40 bado unaitaka, basi unaitaka kweli.

Hatua ya 5: Lipa kwa njia inayokulinda

*Ukinunua hapa nchini kutoka dukani:* lipa kwa Till au Paybill ya duka. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama duka linajulikana kwa jina moja na skrini inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simamisha malipo na uulize.

*Ukinunua kutoka kwa mkusanyaji mwenzako:* omba picha ya modeli ikiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Picha ya kuibwa mtandaoni kwa kawaida haitakuwa na karatasi hiyo. Kutaneni mchana, mahali penye watu. Fungua boksi, kagua, ndipo utume pesa. Jina kwenye uthibitisho lilingane na la mtu aliye mbele yako.

*Ukinunua nje ya nchi:* tumia kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na laini yako au njia nyingine ya malipo inayokuruhusu kupinga malipo iwapo bidhaa haijafika. Weka kwenye kadi kiasi cha oda pekee. Andika mwenyewe anwani ya duka kwenye kivinjari. Usibonyeze linki uliyotumiwa kwenye kundi.

*Arubuni ya modeli ambayo haijatoka:* lipa kwa duka lenye anwani na historia pekee. Uliza mambo matatu na upate majibu kwa maandishi: arubuni inarudishwa nikibadilisha mawazo? Mkichelewa nusu mwaka itakuwaje? Bei iliyotajwa ni ya mwisho?

Dalili ambazo zingeniokolea 6,000 zangu ni hizi, zikate uzibandike:
- Bei ni nusu ya bei ya kwingine.
- Kuna "wengine wanaingoja" na lazima utume sasa hivi.
- Malipo yanaenda kwa namba ya mtu binafsi ambaye hujawahi kumwona.
- Jina kwenye uthibitisho si jina unalolijua.
- Muuzaji anakataa simu ya video au picha mpya.

Moja ikitokea, uliza. Mbili zikitokea, ondoka. Kwangu zilikuwa zote tano. Niliomba kuiona kwa video, akasema kamera yake imeharibika, nami nikamwamini.

Na kama umeshatuma? Usione haya hadi asubuhi. Piga huduma kwa wateja na uombe pesa zirudishwe mara moja, kwa sababu kinachowezekana ni kuzuia zile ambazo bado hazijatolewa. Hifadhi ujumbe wote na picha za skrini, kisha upige ripoti polisi. Pia, liambie kundi. Ukinyamaza, mtu mwingine atatuma kesho.

Hatua ya 6: Ikifika, kagua

Rekodi video ukifungua boksi, kuanzia muhuri. Angalia vioo vya pembeni, taa, ngazi ndogo na ndoano, kwa sababu hivyo ndivyo huvunjika safarini. Hesabu vipande ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Kukiwa na kasoro, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo ukiambatisha video. Na usitupe boksi! Modeli yenye boksi lake na povu lake ni rahisi kuuza na salama kuhamisha.

Hatua ya 7: Panga na utunze

Modeli nyingi za aina hii ni za zinki iliyochanganywa na metali nyingine na kumiminwa kwenye kalibu. Kwa hivyo ni nzito. Pima uzito na urefu kabla ya kwenda kwa fundi. Rafu ya mbao nyembamba itapinda katikati, na kreni ndefu itaanza kuegemea.

Maadui ni wanne: vumbi, jua, unyevu na mikono ya wageni. Kabati la kioo linamaliza vumbi na wageni kwa pamoja. Fundi wa mtaani anaweza kukutengenezea kwa vipimo vyako, na ukilipa nusu mwanzoni na nusu kazi ikiisha, nyote mko salama. Usiweke kabati mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana, kwa sababu rangi hufifia na plastiki hukakamaa. Kama unaishi Mombasa, Kilifi au Lamu, weka vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na uvibadilishe kila baada ya muda. Hewa ya chumvi haichagui kati ya lori kubwa na dogo.

Vumbi litolewe kwa brashi laini ya vipodozi, kuanzia juu kwenda chini. Usitumie sabuni kwenye maandishi ya kampuni. Kwa kreni, kabla ya kuinua mkono, weka miguu yake nje na vizito vya kusawazisha nyuma, kama ilivyo kazini. Modeli hupinduka kwa sababu zile zile kreni halisi hupinduka.

Na weka kadi ndogo mbele ya kila modeli: ni gari gani, lilibeba nini, kutoka wapi kwenda wapi. Mgeni akisoma "Mombasa hadi Loiyangalani" atauliza swali. Hapo hobi inakuwa mazungumzo.

Ukitaka kuuza

Siku moja utauza moja ili kununua nyingine. Kumbuka: SMS ya malipo inaweza kughushiwa. Usiachilie modeli kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, wala kwa SMS iliyotoka kwa namba ya kawaida. Fungua programu yako, angalia salio lako. Na mtu akikuambia ametuma zaidi kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwelekeze kwa huduma kwa wateja, wao watalishughulikia.

Maswali tunayoulizwa

*Je, modeli ni uwekezaji?* Chache hupanda bei, nyingi hazipandi. Nunua kwa sababu unaipenda, kwa pesa ambazo hazina kazi ya karo wala kodi ya nyumba.

*Sina 53,000 wala sitakuwa nazo karibuni. Nifanye nini?* Anza na moja ya 1:87 au iliyotumika. Au tengeneza. Wengi wetu tulianza na magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, na hayo hayakuwa na forodha.

*Naweza kumpa mtu mwingine namba yangu ya siri anilipie oda?* Hapana. Wala wakala, wala rafiki, wala mtu anayedai anatoka kwetu.

Mzee na uzi wa kushonea

Baada ya kupoteza zile 6,000, niliweka akiba kwa miezi saba. Nikampata mkusanyaji Nakuru aliyekuwa anauza Actros nyeupe na lobedi yake, iliyotumika, boksi likiwa zima. Alinitumia picha yenye jina langu na tarehe. Tulikutana mjini saa sita mchana, nikafungua boksi mezani, nikahesabu vioo, na jina lilipotokea kwenye simu nilimsomea kwa sauti. Akacheka, akatoa kitambulisho. Nililipa 31,000. Ukiongeza zile zilizopotea, lori hilo limenigharimu 37,000.

Baba alilitazama kwa muda bila kusema kitu. Nilikuwa nimelipakia bomba la plastiki kama kipande cha mnara, nikalifunga kwa uzi mara mbili. Akavaa miwani. "Nani alifunga mzigo huu?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akaufungua wote, akaitisha uzi wa kushonea wa mama, akaufunga upya: nne mbele, nne nyuma, zikipishana. "Huu wako ungeangukia Mariakani," akasema, "hata mizani hujafika."

Zoezi lako la wiki hii: chagua kitu kimoja unachotaka kuagiza kutoka mbali. Andika bei ya dukani, kisha piga bei kamili kama tulivyofanya kwenye Hatua ya 3. Gawanya kwa idadi ya wiki, fungua akiba yenye jina la kitu hicho, na utume kiasi cha kwanza leo, hata kama ni shilingi 100. Njia ikishapimwa, mzigo utafika.